Goti Likiuma, Tazama Unyayo na Mzigo

Somo la toleo hili ni la magoti. Tumeliandika kwa sababu karibu kila kikundi tunachotembelea kina mama au mzee anayeshika goti akiinuka kitini. Tena tumeliandika kwa sababu ya kosa letu wenyewe, na tutaanza na hilo.

Kikundi chetu kina sheria kama vyenu. Asiyefika siku ya kuchimba matuta hutozwa shilingi 50. Mama mmoja, ambaye amekuwa nasi tangu siku ya kwanza, alianza kukosa. Kwanza ilikuwa mara moja kwa mwezi, halafu kila juma. Alimtuma mjukuu kusema kwamba goti la kushoto linamsumbua. Tulimwonea huruma, lakini sheria ni sheria, tukaandika faini. Ilipofika shilingi 600 baadhi yetu wakaanza kunong'ona kwamba goti hilo huuma siku za jembe tu, siku ya kugawana pesa linapona. Maneno hayo yalimfikia. Akaacha kuja kabisa.

Wakati huo alikuwa ameshatumia pesa nyingi. Alipaka dawa za kuchua, akachomwa sindano, akanunua vidonge vya maumivu kila siku ya soko mpaka tumbo likaanza kumchoma. Mwishowe binti yake alimpeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali moja ya misheni. Yule mtaalamu hakuanza na goti. Alimwambia, "Mama, hebu nipe kiatu chako."

Ilikuwa akala, zile ndara za tairi. Ya kulia ilikuwa imeisha sawasawa. Ya kushoto ilikuwa imeliwa upande wa nje wa kisigino hadi nyuzi za tairi zikaonekana, na upande wa ndani ulikuwa kama mpya. Akaulizwa kama aliwahi kuumia mguu huo. Akakumbuka kwamba miaka tisa iliyopita alijikata kwa jembe chini ya kidole gumba. Kidonda kilipona lakini kikaacha kovu gumu, na kukanyaga pale kulimuuma. Basi akajizoeza kukanyaga kwa ukingo wa nje wa unyayo. Miaka tisa, mtoni na kurudi, shambani na kurudi, mtungi mgongoni. Kumbe goti lilikuwa linalipia deni la kidole.

Goti na majirani zake

Goti ni kama bawaba ya mlango. Hukunja na kunyoosha, na huzunguka kidogo tu. Halichagui lenyewe litaelekea wapi. Juu yake iko nyonga na chini yake uko unyayo, na hawa majirani wawili ndio huamua. Fremu ya mlango ikipinda, bawaba huliwa upande mmoja. Ukibadilisha bawaba na kuiacha fremu vile ilivyo, utarudi dukani baada ya muda.

Ndani ya goti, mfupa wa paja hukaa juu ya mfupa wa muundi katika sehemu mbili: sehemu ya ndani, inayoelekea goti lingine, na sehemu ya nje. Kati ya mifupa kuna gegedu, ile nyama ngumu nyeupe inayoteleza ambayo mnaiona mkichinja mbuzi. Gegedu ndiyo inayozuia mfupa kusagana na mfupa, na ikishaliwa kwa mtu mzima hairudi vizuri.

Mafundi wa ujenzi wataelewa hapa upesi. Nyoosha uzi kutoka pale paja linapokutana na nyonga kwa mbele hadi katikati ya kifundo cha mguu. Kwa mguu ulionyooka, uzi hupita karibu katikati ya goti. Hata hivyo mtu akitembea, sehemu ya ndani hubeba zaidi ya nusu ya uzito. Mungu aliiumba hivyo na inastahimili. Mtu mwenye matege, uzi wake hupita ndani ya goti, na sehemu hiyo ya ndani huongezewa mzigo ambao haikupimiwa. Mwenye magoti yanayogongana, uzi hupita nje, na sehemu ya nje ndiyo huumia. Ni sawa na nguzo ya ghala iliyoinama: mbao za upande mmoja hupasuka kwanza, hata kama mahindi ni yale yale.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2001 watafiti wa Chicago, Marekani, walitoa matokeo baada ya kuwafuata kwa miezi 18 watu 230 ambao magoti yao yalikuwa yameanza kulika. Kwa wenye matege, uwezekano wa sehemu ya ndani kuzidi kuharibika ulikuwa mara 4 zaidi. Kwa wenye magoti ya kugongana, uwezekano wa sehemu ya nje kuzidi kuharibika ulikuwa karibu mara 5. Hawa walikuwa watu ambao tayari wana shida ya goti. Kijana mwenye matege kidogo asiyeumwa popote asije akalia usiku baada ya kusoma hapa.

Jaribio la kufanya pamoja

Simameni wawili wawili bila viatu, nyayo ziachane kiasi cha ngumi moja na magoti yatazame mbele. Sasa mmoja alegeze nyayo zake zilale kwa ndani, yaani ule upinde ulio katikati ya unyayo ushuke uguse ardhi. Mwenzake atazame pia za magoti. Zimegeuka na kutazamana! Kisha ageuze, akanyage kwa kingo za nje. Pia za magoti nazo zinaelekea nje, na ukimwangalia kutoka mbele ameanza kufanana na mtu wa matege. Hakuna aliyegusa goti. Mmegeuza unyayo tu, muundi ukazunguka pamoja nao, na goti likafuata.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa yule mama wa akala. Ukingo wa nje ulipeleka goti nje, na sehemu ya ndani ya goti ikaelemewa.

Jaribio la pili linataka beseni la maji na sakafu kavu ya simiti, au vumbi jembamba uani. Lowesha unyayo, kanyaga mara moja, toka. Wengi wataacha alama ya kisigino na ya vidole, zimeunganishwa na mkanda kwa upande wa nje. Huo ni unyayo wenye upinde wa kawaida. Alama ikijaa kote ni unyayo bapa. Mkanda ukiwa mwembamba sana au usipokuwepo, upinde uko juu mno, na unyayo wa namna hiyo mara nyingi huwa mgumu, haupokei vizuri kishindo cha hatua.

Wenye unyayo bapa wasimame kwa vidole. Upinde ukijitokeza, na hakuna maumivu, mguu huo ni mzima na haudai matibabu. Babu zetu wengi walikuwa na nyayo za namna hiyo na walitembea hadi uzeeni. Upinde usipojitokeza kabisa, au unyayo ukiwa umeanza kulala ukubwani na unauma upande wa ndani wa kifundo, hapo mtu aende hospitali.

Nani alianza?

Hapa lazima tuseme wazi ili mtu asirudi nyumbani na jibu la haraka. Unyayo unaweza kupindisha goti, lakini goti nalo laweza kupindisha unyayo. Mtu aliyezaliwa na matege, muundi wake umeinama, na unyayo unalazimika kulala ili uguse ardhi wote. Utafiti wa watu wazima wa mji wa Framingham, Marekani, uliotolewa mwaka 2011, uliona kwamba wenye nyayo bapa walikuwa na maumivu ya goti na uharibifu wa gegedu ya upande wa ndani mara nyingi zaidi kuliko wengine. Lakini haukuonyesha ni nani alimtangulia mwenzake.

Nyonga pia ina sehemu yake. Misuli ya kando ya nyonga ikiwa dhaifu, paja huanguka kwa ndani kila mtu anaposhuka ngazi au mteremko, na goti huanguka nalo. Kwa hiyo usitazame mahali pamoja. Mtu anayetibu goti asitazame nyonga, unyayo wala kazi ambayo mgonjwa hufanya kila siku, anatibu nusu ya ugonjwa. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho kuhusu mwili na viungo vyake (1 Wakorintho 12) alikuwa anafundisha juu ya kanisa, lakini hata daktari wa mifupa angeweza kuitumia sura hiyo.

Hesabu ya mzigo

Kupinda kwa mguu ni nusu ya mambo. Nusu nyingine ni uzito unaopita juu yake. Mwaka 2010 watafiti wa Berlin, Ujerumani, walitangaza vipimo walivyopata kutoka kwa wagonjwa 5 waliowekewa magoti ya bandia yenye kifaa cha kupimia ndani yake. Mtu akisimama kwa miguu miwili, kila goti hubeba kama uzito wa mwili mzima mara moja. Akitembea mahali tambarare, goti hubeba karibu mara 2.6. Akipanda ngazi, kama mara 3.2. Akishuka, karibu mara 3.5. Hata kuinuka kitini tu ni karibu mara 2.5. Sababu ni kwamba misuli nayo hubana goti ili tusianguke.

Sasa tuchukue mama wa kilo 60. Kwa kila hatua ya tambarare goti lake hubeba kama kilo 156, na akishuka, kama kilo 210. Mtwike mtungi wa lita 20. Maji ya lita 20 ni kilo 20, na hatujahesabu mtungi wenyewe. Tukitumia hesabu ile ile, akishuka na mzigo huo goti linapokea kama kilo 280 kwa hatua. Kama goti limenyooka, uzito huo unatandazwa. Kama limepinda, sehemu kubwa inaangukia mahali pamoja padogo.

Tunajua mama zetu ni hodari wa kubeba, na hata wataalamu wamekiri. Mwaka 1986 jarida la sayansi la Nature lilichapisha uchunguzi wa Profesa Geoffrey Maloiy na wenzake juu ya wanawake wa hapa Kenya, Waluo wabebao kichwani na Wakikuyu wabebao mgongoni kwa mshipi wa kipaji. Ilionekana kwamba wanaweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Ni jambo la kujivunia. Lakini waliopimwa ni pumzi, si magoti. Tena asilimia 20 ya kilo 60 ni kilo 12, na mtungi uliojaa ni theluthi nzima ya mwili wake. Yule aliyeamua kwamba mtungi wa kawaida uwe wa lita 20 hakuwa ameuchukua kutoka mtoni, tunafikiri.

Mtu atasema, basi abebe lita 10 aende mara mbili. Ndiyo, kwa goti linalouma ni afadhali, hasa pale penye mteremko mkali. Lakini hatua zinakuwa mara mbili na siku inaisha njiani. Ndiyo sababu sisi tunaona dawa ya kweli ya magoti ya akina mama ni punda, bomba au tangi la kuvuna maji ya mvua, na hayo mtu mmoja hayawezi. Hii ni kazi ya kikundi.

Uzito wa mwili wenyewe nao ni mzigo, na huu hautuliwi mtu akifika nyumbani. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005, uliofanywa kwa watu wanene wenye magoti yaliyolika, ulionyesha kwamba kila kilo moja mtu anayopunguza huliondolea goti kama kilo 4 kwa kila hatua. Si kwamba tunawaambia mlale njaa. Tunazungumza na wale ambao mafuta ya kupikia na sukari vimezidi mezani.

Miguu ya watoto

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu mtoto bado anaweza kunyooshwa.

Mtoto anayeanza kutembea huwa na matege, na hiyo ni kawaida. Yaliyo mengi hunyooka yenyewe akifika miaka 2. Halafu mambo yanageuka: akiwa na miaka 3 au 4 magoti hugongana, na mama anaogopa tena. Hayo nayo hupungua, na kufikia miaka 7 hivi miguu inakuwa kama itakavyokuwa ukubwani. Nyayo za watoto wadogo pia huwa bapa, upinde hujengeka polepole miaka ya mwanzo. Kumbeba mtoto mgongoni hakuleti matege. Akina nyanya wamesema hivyo miaka mingi na akina mama wakwe wamewalaumu wake za wana wao bure.

Mtoto wa kupelekwa hospitali ni yule ambaye mguu mmoja tu ndio umepinda, au matege yanazidi badala ya kupungua baada ya miaka 2, au anachechemea, anaumwa, au ni mfupi sana kuliko wa rika lake na vifundo vya mikono vimevimba. Kuna kipimo rahisi. Mlaze chali miguu imenyooka. Kama ana matege, gusanisha vifundo vya miguu kisha pima nafasi kati ya magoti. Kama magoti yanagongana, yagusanishe kisha pima kati ya vifundo. Nafasi ikizidi upana wa vidole vinne vya mtu mzima, mwonyeshe daktari. Andika kipimo na tarehe nyuma ya kadi ya kliniki, upime tena baada ya miezi mitatu. Kinachozidi ndicho kinachotutia wasiwasi.

Vifundo kuvimba na miguu kupinda mara nyingi ni ugonjwa wa mifupa laini, unaoitwa riketsi. Husababishwa na ukosefu wa jua au wa madini ya chokaa katika chakula. Mtoto anayefungiwa ndani siku nzima au kufunikwa blanketi hata mchana wa jua hapati vitamini D. Na mtoto wa uji wa mahindi peke yake hapati chokaa ya kutosha hata akikaa juani. Nigeria, uchunguzi uliotolewa mwaka 1999 ulionyesha watoto wenye riketsi wakipona vizuri zaidi kwa kupewa chokaa kuliko kwa vitamini D peke yake. Maziwa, uji wa wimbi, na omena wanaosagwa na mifupa yao vinasaidia sana. Ugonjwa huu ukikamatwa mapema, mifupa mara nyingi hunyooka bila kisu.

Ndugu zetu wa Bonde la Ufa wana jambo la ziada. Sehemu za Nakuru, Naivasha na Baringo maji ya visima yana floridi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu mifupa pia, na India imeonekana kupindisha magoti ya watoto. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi. Jimbo Katoliki la Nakuru lilianzisha kazi ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkiwa na kisima kipya, pimeni maji kabla ya kusherehekea.

Mtoto aliyezaliwa na unyayo uliojipinda kwa ndani asingojee kukua. Akianza kutembea atakanyaga kwa ukingo wa nje, na tumeshaona kinachotokea. Kuna matibabu ya Dkt. Ponseti, yaliyoanzia Iowa, Marekani: plasta hubadilishwa kila juma kwa majuma kadhaa, mara nyingi kano ya kisigino hukatwa kidogo sana, kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma anapolala hadi kama miaka 4. Wazazi wengi huacha hivyo viatu mapema wakiona mguu umenyooka, na mguu hurudi ulivyokuwa. Msiache. Hospitali ya CURE iliyoko Kijabe, iliyofunguliwa mwaka 1998, na Shirika la Watu Wenye Ulemavu la Kenya (APDK), lililoanza mwaka 1958, ni kati ya mahali pa kuuliza.

Na funza je? Mtoto mwenye funza vidoleni hutembea kwa visigino au kwa kingo, wengine kwa miaka. Tunawaona wakienda shule wakiyumba kama bata, na watu wanacheka. Msiwatoe funza kwa pini moja inayopita kwa watoto wote, hiyo huleta maradhi mengine. Mwoneni mhudumu wa afya wa kijiji, oshweni miguu, na sakafu ya udongo imwagiwe maji na kusiribwa.

Viatu

Msidharau akala. Watafiti wa Chicago walipima mwaka 2006 wakakuta kwamba watu wenye magoti yaliyolika, wakitembea peku, magoti yao yanapata mzigo mdogo kuliko wakiwa na viatu vyao vya kila siku. Mwaka 2010 wakapima tena na kuona kwamba ndara laini za kawaida zinakaribia peku, huku viatu vizito na vigumu vikizidisha mzigo. Hatuwaambii mwende peku shambani, kuna funza, misumari na minyoo ya safura. Lakini kiatu bapa, chepesi, kinachojikunja, ni rafiki wa goti. Viatu virefu vya kisigino si rafiki, hata vya Jumapili.

Kiatu kilichokwisha upande mmoja kitupwe au kipelekwe kwa fundi, kwa sababu sasa kinapindisha mguu hata kama mwanzo ni mguu uliokipindisha. Tena tunawatahadharisha juu ya vile vipande vya kuweka ndani ya kiatu vinavyotangazwa sokoni na kwenye matatu kwamba vinanyoosha magoti. Tafiti nyingi zilipokusanywa pamoja mwaka 2013, vipande vyenye mwinamo havikupunguza maumivu kuliko vile bapa vya kawaida. Usiuze mbuzi kwa ajili yake.

Goti linalouma lisaidiweje

Misuli ya paja ikiwa na nguvu, goti hupata ulinzi. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, ushikilie ukihesabu hadi kumi, ushushe polepole. Rudia mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Kisha inuka kitini bila kujishika na mikono, magoti yafuate vidole vya miguu yasianguke ndani. Kwa nyonga, lala ubavu na uinue mguu wa juu ukiwa umenyooka. Kuuma kidogo si hatari, kuvimba siku ya pili ni dalili ya kupunguza. Faida huanza kuonekana baada ya majuma sita hivi, kwa hiyo anayeacha juma la pili asiseme mazoezi hayafai.

Fimbo ishikwe kwa mkono wa upande mwingine. Goti la kushoto likiuma, fimbo iwe mkono wa kulia, na viende mbele pamoja. Karibu kila mzee tuliyemwona alikuwa anaishika upande wa goti bovu, na sisi wenyewe hatukujua mpaka tulipofundishwa. Kwenye mteremko pitia mshazari kwa hatua fupi, usishuke wima na mzigo.

Vidonge vikali vya maumivu vikimezwa kila siku kwa miezi huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo. Na goti lililovimba ghafla, likawa la moto pamoja na homa, au lililokwama lisikunjike baada ya kuanguka, halina mazoezi wala kuchua. Hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo.

Yule mama yetu hakupona kabisa, tusidanganye. Kovu lilikunwa na kulainishwa, akashonewa akala mpya yenye shimo dogo chini ya kidole ili asikanyage pale panapouma, akafanya mazoezi. Sasa hutembea hadi sokoni bila kupumzika njiani, lakini kuchimba matuta hawezi tena. Tulimrudishia shilingi zake 600 mbele ya wote, na mwenyekiti akaomba msamaha kwa niaba yetu. Kazi yake sasa ni kitalu cha miche na daftari la kikundi, na hesabu hazijawahi kuwa safi namna hii. Pesa za mzunguko za miezi minne zilinunua punda mmoja, anayebeba mitungi minne kwa safari. Bado tunabishana juu ya zamu zake.

Katika mkutano wenu ujao, kila mmoja aje na jozi ya viatu vyake vya zamani kabisa. Vipangeni chini mkivigeuza nyayo juu, bila kusema ni vya nani, na mtazame vimeliwa wapi. Kisha someni tena sheria yenu ya faini mkiwa na viatu hivyo mbele yenu, mjadiliane kazi gani apewe mwenye goti bovu. Majibu yenu tuleteeni kwa mkono wa katekista au mchungaji kabla ya toleo lijalo.